Boma Lililouzwa: Kisa cha Mwalimu na Ndoto Aliyomkabidhi Mungu

Mhusika wa kisa hiki ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamume aliyevuka miaka arobaini, mkazi wa Dodoma mjini na mzaliwa wa wilaya ya Bahi. Ana mke na watoto wanne. Baba yake alikwisha kufariki, mama yake yuko kijijini. Jambo lake aliniletea kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa anaokaa. Amekubali liandikwe kwa sharti kwamba jina lake, shule yake na huduma aliyokuwa akisali visitajwe. Mke wake ameyasoma haya yote na kusahihisha pale nilipokosea mfuatano wa mambo.

Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu kinagusa kosa ambalo mahubiri yetu mengi hayalifikii. Onyo la kutomfuata Mungu kwa ajili ya mali tumelisikia, na ni onyo la haki. Lakini mtu akishalipokea anaweza kuhamia kwenye kosa la pili ambalo ni gumu zaidi kulitambua: anamkabidhi Mungu ndoto yake kwa machozi na kwa kufunga, huku moyoni amekwisha kupiga hesabu kwamba kuikabidhi ndiyo njia ya mkato ya kuipata. Mwalimu huyu aliyapitia yote mawili.

Ndoto yenyewe

Ili umwelewe, kumbuka Dodoma ilivyokuwa 2016. TANU iliamua tangu 1973 kwamba makao makuu yahamie huku, na mpango wa awali ulikuwa wa miaka kumi. Miaka kumi ikapita, ikafuata mingine na mingine, na waliozaliwa mwaka wa uamuzi ule wakawa watu wazima wenye watoto wao. Wenyeji walishajifunza kutoyajengea tumaini matangazo. Kisha Julai 2016 Rais John Magufuli akasema serikali inahamia, na safari hii ikahama kweli. Waziri Mkuu akatangulia mwaka uleule. Mei 2017 ikavunjwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoshika ardhi ya mji huu tangu 1973. Aprili 26, 2018 Manispaa ya Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Kule Mtumba, palipokuwa vichaka vya miiba na njia za mbuzi, ukachorwa Mji wa Serikali.

Viwanja vikawa ndiyo mazungumzo ya kila kijiwe. Mwenye hati ya mshahara alikopa, mwenye ng'ombe aliuza. Mwalimu alikopa benki akanunua kiwanja upande wa barabara ya Dar es Salaam, kuelekea huko Mtumba. Alitaka kujenga nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili, na mgahawa mbele. Alikuwa amefanya uchunguzi wake. Alijua kwamba Bunge la bajeti linapoanza Aprili, hadi Juni inapokwisha, anayefika mjini bila kuweka nafasi mapema hupata shida ya pa kulala. Alikwisha kuzungumza na shemeji yake ambaye ni mpishi. Alikuwa na daftari la mahesabu, nimeliona, na mahesabu yake yalikuwa safi.

Nasisitiza hilo kwa sababu watu wakishasikia kisa kama hiki huwa na haraka ya kusema alikuwa na tamaa. Sikuona tamaa. Niliona baba wa watoto wanne anayeishi kwa mshahara wa mwalimu, aliyeona mlango umefunguka katika mji wake mwenyewe, akataka kupita.

Msingi ukajengwa, jamvi likamwagwa, kuta zikapanda hadi kwenye linta. Hapo fedha ikakata. Kanuni za utumishi wa umma zinataka makato yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake, naye alikuwa ameufikia mpaka huo, kwa hiyo benki haikuweza kumwongezea. Boma likabaki limesimama bila bati, na mvua ya Desemba ikalikuta hivyo.

Mbegu

Mwenzake wa kazini akamwalika kwenye huduma moja mjini, ibada za jioni katikati ya wiki. Jumapili aliendelea kusali kwetu, tukimwona kwenye benchi lake kama kawaida. Kule jioni alisikia lugha nyingine: mwaka wa kumiliki, kufunguliwa milango, kupanda mbegu kwenye madhabahu. Alielekezwa kubeba udongo wa kiwanja chake uombewe, akaubeba kwenye mfuko wa rambo. Alikiri kila asubuhi kwamba gesti yake imekwisha kupauliwa na ina wageni.

Mbegu ya kwanza ilikuwa posho aliyolipwa kwa kusimamia mitihani. Ya pili ilikuwa akiba ya bati. Ya tatu alikopa kwenye mikopo ile ya mtaani tunayoiita kausha damu, akiamini muujiza utafika kabla ya marejesho. Ya nne ilikuwa fedha ambayo mke wake alimpa akaipeleke kwenye hisa zake za VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, hakuipeleka. Ya tano nitaieleza baadaye kidogo.

Andiko lililotumika sana lilikuwa Malaki 3:10, lile la kuleta zaka kamili ghalani na kumjaribu Bwana kama hatafungua madirisha ya mbinguni. Halina kasoro andiko hilo. Kasoro ni kulisoma kama risiti. Ghala linalosemwa pale ni ghala la hekalu, na sababu imetajwa ndani ya aya yenyewe: ili kiwemo chakula katika nyumba ya Mungu. Nehemia 13 inaonyesha hali ya siku zinazokaribiana na hizo: Walawi hawakupewa sehemu zao, wakakimbia huduma, kila mtu shambani kwake. Taifa zima lilikuwa limewanyima chakula wahudumu wake. Malaki analiambia taifa hilo lirudi. Hamwambii mtu mmoja mwenye boma lake kwamba akitoa kiasi fulani atapata bati kiasi fulani. Na anayetaka kuishika aya ya kumi asiirukie aya ya tano ya sura hiyohiyo, ambako Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea mwenye kuajiriwa kwa mshahara wake, na mjane, na yatima.

Mjane katika kisa hiki alikuwepo. Alikuwa Bahi.

Nani amekalia nyota

Muujiza haukuja. Mwaka ukapita, na 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona, wageni wakapungua mjini, hata gesti zilizokwisha kupauliwa zikawa tupu. Wa kausha damu hawakupungua. Walimfuata hadi getini mwa shule.

Hapa ndipo pana uzito wa kisa hiki, na naomba msomaji asipite haraka. Baraka ikishafanywa kuwa hesabu, yaani ukitoa hiki unapokea kile, siku isipotoka lazima atafutwe aliyeivuruga. Mungu hawezi kuwa ameshindwa, na aliyefundisha hataki kuwa amekosea. Kunabaki sehemu mbili tu za kutupia lawama: imani ya mtoaji mwenyewe, au mtu wa karibu naye. Mwalimu aliambiwa kwanza kwamba imani yake inavuja. Alipoongeza kufunga na bado hali ikawa ileile, akaambiwa kuna mtu wa damu yake amekalia nyota yake. Hawakumtaja. Walimwachia amtafute.

Akaanza kumtazama mama yake.

Bibi huyu ni mjane wa miaka sabini na zaidi, anayelima kashamba ka mtama na uwele, na aliyemsomesha mwanawe kwa kuuza mbuzi mmoja mmoja. Alikuwa na presha ya macho, ugonjwa unaoua mshipa wa kuonea polepole bila maumivu, na ambao hudhibitiwa kwa matone ya kila siku. Uoni uliokwisha kupotea kwa ugonjwa huo haurudi. Matone hulinda uliobaki. Bima ya afya ya mwalimu inabeba wategemezi wanne, na watoto wake wanne walikuwa wameijaza, kwa hiyo fedha ya matone ya mama ilitoka mfukoni mwake kila mwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya tano. Aliacha kuituma. Mwanzoni kwa sababu hakuwa nayo, kisha kwa sababu aliogopa kuwa na uhusiano wowote na mama, na fedha ileile akaipeleka madhabahuni. Simu za mama hakuzipokea. Krismasi hakwenda.

Mke wake alipouliza akaambiwa naye asije akawa upande wa adui. Alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kuanzia siku hiyo aliacha kuuliza chochote, akaanza kuficha hela ya mboga.

Aliyevunja ukimya ni dada yake mwalimu, ambaye alimkuta kazini bila kumpigia simu. Akamwambia: "Kaka, mama jicho la kulia haoni tena. Tumempeleka Mvumi, daktari kasema lililobaki linaweza kuokolewa akitumia dawa bila kuruka. Mimi naweza nusu. Nusu nyingine unatoa au hutoi?"

Alitoa. Jioni hiyo alikuja kwangu.

"Nimwachie ili iweje?"

Alinisalimu shikamoo, akaketi, akanieleza yote kwa mfululizo bila kujitetea. Mwisho akasema, "Mzee, nimechoka. Nataka sasa nimwachie Mungu ndoto hii."

Nikamuuliza, "Umwachie ili iweje, Mwalimu?"

Akajibu upesi, na nadhani jibu lilimtoka kabla hajalitazama: "Ili aiinue upya kwa wakati wake."

Basi hapo ndipo kosa la pili lilipokuwa. Hakuwa ameweka chochote chini. Alikuwa amebadilisha namna ya kulipa tu: zamani alilipa kwa fedha, sasa atalipa kwa unyenyekevu, na kinachosubiriwa ni kilekile, vyumba kumi na viwili na mgahawa mbele. Na siku unyenyekevu nao usipozaa gesti, angerudi palepale pa kutafuta nani amekalia nyota.

Simlaumu, kwa sababu sisi wenyewe ndio tunaofundisha hivyo. Shuhuda tunazozipandisha kanisani zina umbo moja: niliacha, kisha nikapata zaidi. Ibrahimu alimtoa Isaka akarudishiwa. Ayubu alipoteza akapewa maradufu. Maandiko hayo ni kweli, na tunayapenda. Tunawaacha wale ambao hawakurudishiwa, na wamo tele. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe na haukuondolewa. Musa aliitazama nchi kutoka mlimani akafa ng'ambo ya pili. Katika Gethsemane, aliyesema "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" hakuondolewa kikombe, alikinywa.

Nilimpa asome 2 Samweli 7, nikamwomba tukutane tena baada ya kuisoma yeye na mke wake pamoja. Niliichagua kwa sababu inahusu mtu aliyetaka kujenga.

Daudi amepumzika katika nyumba ya mierezi, anaona aibu kwamba sanduku la Mungu limekaa ndani ya mapazia, anataka kumjengea Mungu nyumba. Anamwambia nabii Nathani, na Nathani anampa baraka palepale: fanya yote yaliyomo moyoni mwako, Bwana yu pamoja nawe. Usiku uleule Mungu anamrudisha Nathani na neno tofauti. Si wewe utakayejenga. Tazama vizuri jambo hili: nabii wa kweli, asiyetafuta fedha ya mtu, alimwitikia mfalme kwa haraka kwa sababu ndoto ilikuwa njema, akakosea. Wema wa ndoto hauithibitishi kuwa ni yako kuitimiza.

Je, ndoto ile ilikuwa dhambi? Hapana. Katika 1 Wafalme 8 Sulemani anasimulia kwamba Bwana alimwambia Daudi amefanya vema kuwa na jambo hilo moyoni. Akasifiwa kwa kulitaka, akakataliwa kulifanya. Mwalimu alikaa sana kwenye hapo. Alikuwa amefundishwa kwamba ndoto ikikataliwa, basi ama ilikuwa ya shetani ama imezuiwa na shetani. Kwamba Mungu anaweza kuipenda nia yako na bado akasema hapana, hilo lilikuwa geni kwake.

Kisha Daudi anafanya mambo mawili. La kwanza, anaingia na kuketi mbele za Bwana, akisema "Mimi ni nani, Ee Bwana MUNGU." Haombi uamuzi ubadilishwe. La pili liko katika 1 Nyakati 22: anakusanya chuma cha misumari, shaba, mawe na mierezi kwa ajili ya nyumba ambayo mwingine ataijenga na yeye hataiona. Katika sura ya 28 anamkabidhi Sulemani hata ramani.

Mke wa Mwalimu ndiye aliyesema lililotufungua siku tulipokutana tena. Alisema, "Huyu Daudi alikubali jina la mwenzake likae kwenye mlango." Mwalimu akanyamaza muda mrefu.

Lililofanyika

Kumkabidhi Mungu ndoto ni maombi, lakini maombi hayo yana mikono. Kabla ya yote alikwenda Bahi. Nilifuatana naye kwa ombi lake. Bibi alitupokea kwa "mbukwa," salamu ya Kigogo, kama tuliachana jana, akatafuta kigoda cha mwanawe kwa kupapasa. Mwalimu alimwambia mama yake kila kitu, pamoja na lile la kumdhania. Mama alilia kwa hilo la kudhaniwa kuliko kwa jicho. Alimsamehe siku hiyo, na kwa jinsi ninavyomfahamu sasa, amekuwa akimsamehe tena kila wiki tangu siku ile, kwa sababu jeraha la namna hiyo halifungi mara moja.

Alimwekea mke wake hati ya mshahara mezani, na orodha ya madeni yote, na kiasi alichokitoa kule kwenye huduma. Mke alikijua kiasi cha hisa zake tu. Mengine aliyasikia kwa mara ya kwanza. Jambo hili wengi wanaliruka wanapozungumza juu ya kumwachia Mungu. Ndoto ile ilikuwa imejengwa kwa mali ya watu wawili, na mmoja hakuwahi kuulizwa. Huwezi kumkabidhi Mungu kitu ambacho nusu yake si yako mpaka mwenye nusu awe amesema neno lake.

Neno lake lilikuwa fupi: liuzwe.

Boma likauzwa pamoja na kiwanja. Waliuza kwa bei iliyo chini ya walichozamisha, kwa sababu mnunuzi anajua mwenye madeni hana muda wa kusubiri. Wa kausha damu wakalipwa wote, hisa za VICOBA zikarudishwa, salio likawekwa kwa ajili ya matone na nauli za hospitali. Deni la benki lilibaki, na makato yataendelea kwa miaka kadhaa ijayo kwa kiwanja ambacho si chake tena.

Mnunuzi alipaua. Leo pale pana nyumba ya wageni, ina mgahawa mbele, na Bunge la bajeti likianza magari hujaa uwanjani. Mwalimu hupita hapo kwa daladala. Nilimuuliza anajisikiaje, akasema kuna siku anaona kawaida na kuna siku inamkata tumbo. Nimelipenda jibu hilo. Angesema haoni chochote nisingemwamini.

Kilichobadilika kwa macho ya watu ni kidogo. Mwalimu mkuu wake aliniambia, bila kujua habari za ndani, kwamba siku hizi mwalimu yule anawahi, na kwamba ameomba kufundisha darasa la kwanza, darasa ambalo wengi hulikwepa. Kwa muda mrefu aliiona ile kazi kuwa mahali pa kusubiria mpaka gesti ifunguliwe. Watoto zaidi ya themanini wa kujifunza kusoma walikuwa mbele yake wakati wote huo.

Maombi yake nayo yamebadilika, na hili amenipa ruhusa kulisema. Zamani aliomba kwa kutaja idadi ya vyumba. Sasa anasali maneno ya Yakobo 4, "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Yakobo alikuwa akiwaonya hasa watu waliosema wataingia katika mji fulani, wakae mwaka mzima, wafanye biashara na kupata faida. Niliposoma aya hizo kwa ajili ya kisa hiki niliiona Dodoma yetu ya 2017 imeandikwa humo. Yakobo hakuwakataza kuingia mjini wala kufanya biashara. Aliwakataza kuizungumzia kesho kana kwamba iko mfukoni mwao.

Riziki na ndoto

Kuna pingamizi ninalolipokea kwa heshima. Ndugu mmoja katika baraza letu aliniuliza: unawaambia maskini wasimwombe Mungu mali? Watu wa nchi hii kavu?

Hapana, siwaambii hivyo. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikata Februari mtama unaungulia shambani. Wazee wetu walirithishwa habari za Mtunya, njaa ya miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo majeshi yalichukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua nayo ikakosekana, na watu wa Ugogo wakafa kwa wingi. Mtu aliyelelewa na kumbukumbu hiyo ana haki ya kuomba ghala lijae. Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba riziki ya leo, na bibi wa Bahi anapoomba mvua hakosei hata kidogo.

Tofauti ninayoiona ni hii. Anayeomba riziki ananyoosha mkono akiwa tayari kupewa au kungoja, na akikosa hamtafuti mchawi. Anakwenda kwa jirani. Habakuki alisema hata mizabibu isipozaa na zizi likikosa kundi bado atamfurahia Bwana, na sisi wa mji wa zabibu na ng'ombe tungepaswa kuielewa sala hiyo kuliko wengi. Bali aliyemwekea Mungu ndoto mbele kama ankara hana namna ya kukosa bila kumchukia mtu. Nimekiona kwa mwalimu: alianza kwa kumdai Mungu, akamalizia kwa kumkimbia mama yake.

Ndugu yangu yule wa baraza bado anaona kwamba tungemsaidia mwalimu kwa mchango ili boma lisiuzwe. Tulilijadili kwa urefu. Naamini kanisa linapaswa kubeba madeni ya watu wake kuliko linavyofanya sasa, hilo nampa. Lakini mke alikuwa amesema liuzwe, na sisi hatukuwa na haki ya kumshinda kwa kapu la michango.

Siku ya mavuno

Mwaka jana, Sikukuu ya Mavuno, mwalimu aliomba kutoa ushuhuda. Baraza lilisita. Tulijua watu wangengojea kile kipande cha mwisho, cha "na sasa Mungu amenipa," naye hakuwa nacho. Nikasema aachwe aseme.

Alisimama akaeleza kwa dakika chache: alichokitaka, alichokitoa, alichomfanyia mama yake, na kwamba boma limeuzwa na deni bado lipo. Akasema anamshukuru Mungu kwa kumzuia, na kwamba hajui kama atawahi kujenga. Akaketi. Ulikuwa na ukakasi ushuhuda ule, watu hawakujua kama wapige makofi. Kisha ukaanza mnada wa mazao, kuku na magunia ya mtama yakapanda bei kama ilivyo desturi.

Wiki iliyofuata alinijia mama mmoja wa mtaa wa pili. Yeye pia alikuwa akisali kwenye huduma ya jioni, si ileile, na ameahidi mbele ya madhabahu sadaka ya shilingi laki tano ifikapo mwisho wa mwezi. Fedha anayo, lakini ndiyo ada ya muhula ya binti yake aliye chuo cha uuguzi. Swali lake lilikuwa moja: asipotoa, atalaaniwa? Amesomewa Mhubiri 5, kwamba ukiweka nadhiri kwa Mungu usikawie kuiondoa.

Nilimfungulia Marko 7, ambapo Yesu anawakemea watu waliotangaza kuwa Korbani, yaani sadaka iliyotengwa kwa Mungu, kile walichopaswa kuwatunzia baba na mama zao, wakadhani wamemheshimu Mungu. Nikamwambia kwamba Mungu anayemjua hapokei kwa mkono mmoja kilichoporwa kwa mtoto kwa mkono mwingine, kwamba ahadi iliyotolewa kwa hofu mbele ya kipaza sauti anaweza kuitubu kama tunavyotubu neno lolote lililotutoka kwa haraka, na kwamba akitaka nitafuatana naye kwa kiongozi wa huduma ile amweleze uso kwa uso. Akasema atafikiri.

Alirudi siku chache baadaye na karatasi ya benki ya ada iliyolipwa. Bado anaogopa, usiku hasa. Nimemwomba aje na mume wake tusome pamoja, na mwalimu amekubali kuwapo.